Lumbesa

Jumatatu hadi Jumamosi napima mahindi soko la Kibaigwa.
Jumapili nashika kibendera.
Kazi ni moja: kutazama, kisha kusema ukweli
mbele ya watu waliokwisha kuupenda uongo wao.

Lumbesa mnaijua.
Gunia linajaa, linashonewa kofia ya kamba, linajazwa tena,
na mkulima anaambiwa hilo ni gunia moja.
Mnalijua pia jiwe la mizani lililochimbwa tumbo:
kilo tano kwa jina, nne kwa uzito.

Ndahani ni kuli. Mgongo wake umebeba nusu ya wilaya.
Ulipoletwa mpira ule wa umbo la yai
mwalimu wa raga aliyatazama mabega yake, akacheka kwa furaha.
Akamfundisha kukaba, kusukuma, kunyanyua.
Kushusha hakumfundisha,
na gunia halimfundishi mtu kushusha:
unaliinua, unazungusha kiuno, unaliachia kwenye lori.
Likitua kichwachini, ni mahindi.

Dakika ya sitini na moja.
Yoeli Sogodi, kilo hamsini na nane
(nampima kwa macho, sikosei)
alikuwa ameshautoa mpira.
Ndahani akamkamata mapajani, akampandisha,
nikaona njumu zikielekea mawinguni, na mawingu hayakuwepo,
Agosti yetu haina mawingu,
kisha mikono ikafunguka.

Mlio ulikuwa mdogo.
Bua la mtama.

Tulimbeba kwa turubai, watu sita, kila mmoja akivuta upande wake.
Hatukujua shingo haibebwi hivyo.
Pikapu mpaka Dodoma, na kwa kila tuta,
la Mbande, la Buigiri, nilisema pole
kwa mtu aliyeniuliza, taratibu kabisa:
“Miguu yangu mmeiweka wapi?”

Kamati ilikaa Alhamisi, ofisi ya kata.
Mwenyekiti: mechi mbili. Fainali i karibu, kijana hakukusudia.
Mjomba wa Yoeli: maisha. Asiguse mpira, asiguse hata gunia.
Jiwe lililochimbwa, na lumbesa.
Nikanyoosha mkono.

Nikasema, wiki tatu nyuma, na Mpwapwa,
Ndahani alimgeuza kijana mwingine vilevile,
miguu juu, mikono ikafunguka.
Yule alitua kwa bega. Akajikung’uta vumbi,
uwanja ukacheka, nami nikacheka,
kibendera changu kikining’inia kama mkia wa mbwa aliyeshiba.
Kosa lilikuwa lilelile, gramu kwa gramu.
Bega au shingo, hilo Ndahani hakulichagua.
Mkiiweka shingo ya Yoeli kwenye mizani
hakuna adhabu itakayoinua upande wa pili.
Mkiiweka mikono iliyofunguka,
basi niwekeni na mimi.

Wakaandika: miezi kumi na minane,
na asirudi kabla hajajua kumfikisha mtu chini.
Nikaomba jina langu liandikwe chini ya lake.
Katibu akacheka. Akafunga daftari,
kalamu akaibana sikioni.

Sasa ni Februari, soko limekauka.
Mama Mbeleje humgeuza mwanawe kila baada ya saa mbili,
mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia.
Naye mgongo wake una miaka sitini na mbili.

Jana Ndahani alikuwa amesimama nje ya ua, kama kawaida yake,
wala haingii wala haondoki.
Mama akamwita bila salamu:
“Njoo umnyanyue, nibadili shuka.”
Nilikuwepo, nimepeleka debe la unga.
Akapitisha mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya magoti,
akamnyanyua, akasimama.
Shuka likatandikwa, pembe nne zikanyooshwa.
Yeye bado amesimama,
jasho linamtiririka kidevuni,
Yoeli anatazama bati,
na hakuna kati yetu aliyemwambia shusha.